Friji ya Bucha na Daktari wa Ndoa

Mama wa Mapazia alikuwa na dharau za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mdomoni, ile ya kumsonya mteja anayetaka pazia la dirisha la sebule litoke kwenye kipande cha kitambaa kisichotosha kufunika meza. Hiyo ilikuwa ya kupita. Kabla msonyo haujakauka angekuwa ameshamvutia mteja kiti na kuanza kumpimia. Ya pili ilikuwa ya moyoni, haikuwa na sauti wala haikuwa na haraka, na hiyo alimwekea mtu mmoja tu chini ya jua. Mtu huyo alikuwa mumewe.

Tusimhukumu upesi. Alikuwa mwanamke wa sala. Tangu alipomaliza darasa la saba na kuwekwa kwenye duka la sare za shule kupinda sketi, hakuwahi kukanyaga cherehani bila kumtaja Mungu kwanza. Sketi zikawa mashuka, mashuka yakawa mapazia, na mapazia yakampa jina na chumba chake mwenyewe cha duka, kati ya saluni ya msusi na kibanda cha kuchaji simu. Kichwani mwake watu wote wa mtaa walikuwa madirisha. "Yule wa mita mbili na nusu kafiwa na mama yake," angesema, na msusi angejua mara moja ni nani. Wagonjwa aliwatembelea, wafiwa aliwapikia, na ugomvi wa watu hakuuchochea. Lakini ukimtajia Fundi Baridi, uso wake ulikunjamana kama shuka lililotoka kukamuliwa kwenye ndoo.

Fundi Baridi ndiye mumewe. Alitengeneza friji. Jina alipewa na wateja kwa sababu ya kazi, na mkewe akalipokea kwa mikono miwili kwa sababu zake mwenyewe. Alikuwa fundi hasa, hilo hata adui yake asingemnyima: aliweka kiganja ubavuni mwa friji, akafumba macho, akajua ugonjwa. Na alikuwa na sheria moja iliyomgombanisha na nusu ya wateja wake. Friji iliyosafirishwa ikiwa imelazwa haiwashwi papo hapo. Isimamishwe, iachwe, mafuta yarudi chini yalikotoka, ndipo ichomekwe kwenye umeme. "Ya kisasa, saa chache. Ya zamani, siku nzima. Mkinikaidi msiniite." Kwa friji alikuwa na subira ya mitume. Kwa mkewe, sentensi ya tatu ikianza tu, tayari ameshika kitasa cha mlango.

Dharau ile ya moyoni ilikuwa na siku yake ya kuzaliwa. Miaka tisa nyuma Mama wa Mapazia alikutwa na uvimbe tumboni. Asubuhi ya upasuaji alilazwa kwenye kitanda cha magurudumu, amevalishwa gauni la kufungwa kwa kamba mgongoni, na mwuguzi akamwambia mumewe, "Baba, unaruhusiwa kumshika mkono mpaka pale mlangoni."

Akamshika. Walipofika mlangoni, mke akasema, "Baba watoto, tuombe kidogo."

Fundi akatazama simu yake. "Bucha wananiita," akasema. "Friji imewafia, nyama itaharibika." Akaachia mkono, akageuka, akaenda.

Kisogo kile! Mama wa Mapazia alikijua kuliko alivyoijua sura ya mwenye kisogo: kofia iliyofifia, kovu dogo chini ya nywele, kola iliyopinda upande wa kushoto. Kitanda kilisukumwa ndani naye bado anakitazama. Aliomba peke yake, kwa kunong'ona, mpaka usingizi wa dawa ulipomkatiza katikati ya maneno. Alipozinduka, mumewe hakuwepo. Alitokea saa kumi alasiri na mfuko wa machungwa, kama mtu aliyekuja kumwona jirani.

Tangu siku hiyo alikuwa na swali moja tu. "Mke wako na nyama ya watu, ulidhani kipi kitaoza kwanza?" Na jibu lilikuwa moja: "Nilikuwa na kazi." Baada ya jibu, mlango.

Bucha nayo ilipata fungu lake. Ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na duka lake, na mwenyewe alikuwa mtu mnene wa utani mwingi, aliyezoea kumpigia kelele, "Mama, leo nimekuwekea mfupa wa supu, usiniangushe!" Baada ya upasuaji hakumjibu tena. Mwanamume wa watu alimsalimia mwaka mzima bila kupata hata kikohozi, mwishowe akaona isiwe taabu, akanyamaza. Nyama ya nyumbani Mama wa Mapazia akawa anaifuata mwisho wa mtaa wa tatu, jua liwake, mvua inyeshe.

Mwaka huu, watoto wote wakiwa wameshatoka na nyumba imebaki na watu wawili na saa ya ukutani, akakata shauri. Chumba cha nyuma cha duka, kilichokuwa stoo ya vitambaa, akakifagia. Akanunua kitanda cha futi tatu na nusu na kitasa kipya. Hakumwambia mtu, ila msusi, na kumwambia msusi ni sawa na kutangaza. Habari zikamfikia binti mkubwa, ambaye ni mwuguzi.

Binti hakulia wala hakubembeleza; kazi imemfundisha. "Mama," alisema, "pale kwetu kuna mshauri wa ndoa, wafanyakazi tunaruhusiwa kuleta wazazi. Vikao sita. Mwulize baba hilo swali lako mbele yake. Kikao cha sita kikiisha hujajibiwa, nakuja kukubebea godoro mwenyewe."

"Vikao sita vya nini? Mimi nahitaji jibu moja."

"Basi utapata na chenji."

Akakubali, kwa ajili ya yale makubaliano ya godoro.

Chumba cha mshauri kilikuwa na viti viwili vya kukabiliana, kochi, boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na meza ndogo iliyobeba ubongo wa plastiki wa rangi nne, wa kubanduliwa vipande vipande. Mshauri mwenyewe alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, mpole wa sauti, umri wa mtoto wake wa mwisho. Mama wa Mapazia hakumtazama kwanza. Alitazama dirisha. Mapazia yalikuwa yamepanda juu kwa shubiri nzima kutoka sakafuni, kama suruali ya mtoto aliyerefuka, na bitana ilikuwa inachungulia kwa chini. Hapo hapo akamaliza hesabu yake. Mtu anayekaa kutwa na mapazia ya namna ile bila kuona haya, ndoa ya mwenzake ataionea wapi?

Mshauri akaanza na utotoni. Alieleza kuwa kuna wataalamu waliochunguza namna mtoto mchanga anavyofungamana na anayemlea. Mtoto anayelia akapokewa, hukua anaamini kuwa watu wapo. Anayelia leo akapokewa kesho akaachwa, hukua akiwang'ang'ania watu kwa hofu ya kuachwa. Na anayelia asipokewe kabisa hujifunza kutolia. Hukua anakwepa, anajitegemea, anaonekana hana haja na mtu. "Tukiingia kwenye ndoa," alisema, "tunaingia na yule mtoto. Mama, wewe naona una mwelekeo wa kung'ang'ania. Baba ana mwelekeo wa kukwepa. Mmoja anakimbiza, mwingine anakimbia."

"King'ang'anizi?" Mama wa Mapazia alisema taratibu. "Mimi? Kama kupe?"

"Si tusi, mama. Ni namna tu ya..."

"Nimelea watoto wanne na duka, mwanangu. Niliyemng'ang'ania ni nani?"

"Tuanze na mama yako mzazi. Alikuwa anakupokeaje ukilia?"

"Mama yangu yuko kaburini. Mwache apumzike, hakuwahi kutengeneza friji."

Mshauri akainamisha kichwa kidogo, akaandika kitu. Kisha, labda kwa kukosa pa kushika, akauchukua ule ubongo. Akabandua kipande, akaonyesha ndani kijisehemu kidogo kama punje ya korosho. Hii inaitwa amigdala, alisema, ni kengele ya hatari. Mtu akihisi anashambuliwa, kengele inalia, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia miguuni, na sehemu hii ya mbele, ya kufikiri na kuchagua maneno, inafifia. Ndiyo maana mtu mwenye akili zake anaweza kusimama mbele ya mkewe akakosa la kusema.

Hapo Fundi Baridi, aliyekaa muda wote kama mzigo unaosubiri mchukuzi, akasogea mbele. Macho yalimng'aa.

"Kumbe ni themostati!"

"Karibu sawa, baba."

"Ikikwama, mashine inajikata yenyewe. Kujilinda isiungue."

"Ndiyo hasa!"

Wakaanza kuzungumza, wao wawili na plastiki yao, kama watu waliopotezana siku nyingi. Mama wa Mapazia akawatazama, akamwomba Mungu ampe uvumilivu, na kwa mara ya kwanza akaona kuwa dharau, kama godoro la sufi, daima ina nafasi ya kuongezwa.

Kwa sababu kuanzia hapo nyumba haikukalika. Zamani mwanamume alikuwa anakaa kimya, na kimya hakimtukani mtu. Sasa alikuwa na msamiati. Akisahau kuzima bomba: "Samahani, mke wangu, sehemu ya mbele ilikuwa imefifia." Akiulizwa kwa nini hakumpigia shemeji yake aliyelazwa: "Ni ule mwelekeo wangu wa kukwepa, unajua, wa utotoni." Akiambiwa sahani yake bado iko mezani: "Usiniamshie kengele."

"Miaka ishirini na nane alikuwa bubu," Mama wa Mapazia alimwambia msusi, "leo kapewa ulimi, na ulimi wenyewe wa kujitetea."

Msusi alikuwa na kichwa cha mteja mapajani, nusu kimesukwa. "Shoga, huyo wako sasa ni msomi. Mpishie chakula cha ubongo."

"Nampikia maharage. Naambiwa hiyo korosho yake inafanana nayo."

Mteja akacheka mpaka akavutwa nywele.

Mambo yaliharibika zaidi kikao cha tatu. Mshauri alifundisha kuwa mapigo ya moyo yakipita mia kwa dakika katikati ya ugomvi, mazungumzo hayana faida tena. Ni heri mtu aombe mapumziko ya dakika ishirini, atulie, kisha arudi. "Kurudi ndiko muhimu, baba," alisisitiza. Fundi aliitikia kwa kichwa mara tatu. Alisikia mapumziko. Kurudi nako alikusikia, lakini kwa sikio la ufundi.

Nyumbani kulikuwa na kile kidude cha kubana kidoleni, cha kupimia mapigo, alichokiacha binti yao baba yake alipougua kifua. Fundi alikitafuta droo kwa droo mpaka akakipata. Tangu siku hiyo akawa anatembea nacho mfuko wa shati, mahali pa kalamu. Mkewe akianza tu, "Hivi siku ile pale mlangoni...", kidude kilitoka, kikabana kidole, baba wa watu akakitazama kama mtu anayesoma mita ya umeme.

"Mia na nne," angesema. "Mshauri kasema." Na mlango.

Mara ya kwanza alirudi baada ya saa sita nzima. Mara ya pili, kesho yake. Mara ya tatu alilala karakana, akarudi siku ya pili jioni, amenyoa, amepumzika, kama mtu aliyetoka likizo.

"Dakika ishirini!" mkewe alimwambia. "Kasema ishirini, nimesikia kwa masikio yangu haya!"

"Ishirini ni za friji mpya," Fundi akajibu kwa utulivu wa kitaalamu. "Yule binti anawazungumzia vijana wenzake. Mimi nimelazwa njiani muda mrefu. Ukiniwasha kabla mafuta hayajashuka, unaniua mota."

Mama wa Mapazia alimtazama kuanzia kofia mpaka kandambili. Mtu anaweza kumwonea mwenzake huruma, anaweza kumkasirikia, anaweza hata kumcheka. Yeye hakuona haja ya lolote kati ya hayo. Alikwenda dukani, akatoa mapazia mazuri aliyokuwa amejishonea mwenyewe kwa ajili ya kile chumba cha nyuma, ya rangi ya maziwa, akayapiga pasi, akayatundika. Yakagusa sakafu sawasawa. Kikao cha nne alikwenda akakaa kama mtu anayesubiri zamu yake benki. Hakuuliza swali. Mshauri alimwuliza anahisi nini mwilini, akajibu, "Njaa."

Siku ya kikao cha tano Fundi alitoa kidude chake kwa fahari, kumwonyesha mshauri jinsi anavyofuata masomo. Yule msichana alikitazama, akamtazama Mama wa Mapazia, akatazama tena kidude. Alionekana kama mtu aliyempa jirani panga la kukatia nyasi, akakuta kakatia mlango.

"Baba alikuwa anaondoka kwa muda gani?" aliuliza.

"Kwa kadiri ya umri wa mashine," Mama wa Mapazia akajibu kwa niaba.

Mshauri akafungua droo yake, akatoa kidude kingine. "Leo tutavaa wote wawili," alisema. "Vya kuonekana, hapa juu ya meza. Mama, uliza swali lako. Baba, hutoki. Ukizidiwa, sema umezidiwa, ukae."

Wakaweka mikono juu ya meza, vidole vimebanwa, kama watu wanaosubiri kupakwa rangi za kucha. Mama wa Mapazia akasimulia. Alisimulia vizuri, miaka tisa imempa mazoezi. Kitanda cha magurudumu, gauni la kamba, mwuguzi, tuombe kidogo, bucha wananiita, kisogo, machungwa. Uso wa Fundi haukutikisika. Alikuwa jiwe, kama siku zote. Lakini kidude chake kilikuwa kinapanda: tisini na nane, mia na kumi, mia na ishirini na moja.

"Mama, unaona?" mshauri alisema kwa sauti ya chini. "Kwa nje yuko hivi. Kwa ndani moyo wake unakimbia."

"Hata kuku ukimkamata moyo unamkimbia," Mama wa Mapazia akasema. "Sijaolewa na moyo wa kuku. Nataka mdomo."

Mshauri alikuwa ameacha kumtazama Fundi. Alikuwa anatazama kidude cha pili.

"Mama, chako ni sitini na sita."

"Si ndiyo afya hiyo?"

"Ni afya. Ni mapigo ya mtu anayesimulia ya jirani."

Mama wa Mapazia akatazama kidole chake. Sitini na sita, imetulia, haipandi wala haishuki. Akakumbuka mwaka ule wa kwanza: alikuwa hawezi kufika kwenye kisogo bila sauti kukatika, mtandio ulikuwa unalowa kwa machozi. Mwaka wa tatu alikuwa anatetemeka mikono tu. Na sasa alikuwa amekaa mbele ya watu, akisimulia siku mbaya kuliko zote za maisha yake, kama anavyosoma vipimo vya dirisha la mtu. Aliogopa. Si hofu ya mume, wala ya mshauri. Aliogopa kama mtu aliyekwenda kuchungulia chungu jikoni akakuta moto umezimika zamani, naye bado amekaa hapo anangoja kichemke.

"Mimi nimeshahama," alisema. Safari hii hakumsema mtu. "Limebaki godoro tu."

Kidude cha Fundi kikaanza kulia, tiii, tiii, kama vile vya hospitali. Akainuka. Mkewe hakushangaa, hata shingo hakugeuza. Alijua njia ile. Fundi alivuka chumba, akafika mlangoni, akashika kitasa. Hapo ndipo Mama wa Mapazia alipomtazama, na akakuta kisogo kilekile: kofia, kovu, kola iliyopinda kushoto.

"Baba," mshauri aliita. Hakusema habari ya ubongo. "Siku ile, ulipotoka pale mlangoni, ulikwenda wapi?"

Mlango haukufunguka.

"Hapakuwa na friji," Fundi alisema, akiuambia mlango.

"Unasemaje?" Mama wa Mapazia aliuliza.

"Hapakuwa na friji. Bucha hawakunipigia. Hakuna mtu aliyenipigia."

Kile kidude kilikuwa bado kinapiga kelele kidoleni mwake, na yeye hana habari nacho.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma. Pale wanapofulia. Kuna ukuta mfupi, nikakaa. Mashuka yalikuwa yanatolewa kwa kigari. Kila lenye damu nikasema hili ni lake." Alikaza mkono kwenye kitasa. "Ulisema tuombe. Miguu iliniisha. Nikajua nikifungua mdomo nitaangua kilio mbele ya yule mwuguzi, na wewe utaingia mle ndani umebeba kilio changu. Nikasema friji. Lilikuwa neno la karibu."

"Mpaka saa kumi?"

"Mpaka mfuaji mmoja alipokwenda kuniulizia. Akarudi akasema mkeo mzima. Ndipo nikanunua machungwa."

"Na hii miaka tisa? Miaka tisa nakuuliza!"

"Ulikuwa umeshanichukia kama mtu mwenye roho ngumu." Bado alikuwa hajageuka. "Nikaona heri huyo. Yule mwingine ni mwoga, amekimbia mkewe anachanwa. Huyo ningekuonyeshaje?"

Mshauri alivuta pumzi, akanyoosha mkono kuelekea ubongo wa plastiki.

"Mwanangu," Mama wa Mapazia alisema bila kumtazama, "weka hicho kitu chini."

Akakiweka.

Msidhani aliyeyuka. Alichohisi kwanza ni dharau mpya, mbichi, iliyotoka jikoni sasa hivi. Miaka tisa alikuwa anapigana na mwamba, kumbe ndani ya mwamba kuna tambara lililolowa! Woga tu! Laiti angelia pale mlangoni, wangelia wote, mwuguzi angewapa kitambaa, mambo yakaisha siku ileile. Mwanamume mzima, ndevu, pikipiki, kisanduku cha vifaa, na kumbe neno gumu kuliko yote kwake ni "naogopa". Akahisi masikio yanawaka. Akahisi meno yamebana. Halafu akasikia tiii, tiii ya pili, akatazama chini, akakuta kidole chake kinasoma mia na tisa.

Mshauri alikuwa anatabasamu, na machozi yamejaa nyuma ya miwani.

"Usifurahi," Mama wa Mapazia alimwambia. "Hii ni hasira."

"Najua, mama. Nimefurahi hivyohivyo."

"Geuka," akamwambia mumewe. Fundi akageuka. Uso wake haukuwa jiwe. Ulikuwa uso wa mzee aliyechoka, pua imelowa, kofia imekaa vibaya. Mama wa Mapazia alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta pa kuanzia kumtukana, kwa maana sehemu za kuanzia zilikuwa nyingi. Na ghafla ikamjia, kubwa kuliko zote, akasimama.

"Mwenye bucha!"

"Nini?"

"Mwenye bucha wa watu! Miaka tisa simpi salamu! Miaka tisa nafuata nyama mtaa wa tatu na goti hili! Wewe ulikuwa unaniona navuka barabara, ukanyamaza!"

Mkono wa Fundi ulianza kwenda kwenye mfuko wa shati, akakumbuka kuwa kidude tayari kiko kidoleni. Mkewe akaacha cha mshauri mezani, akamfuata pale mlangoni, akakibandua, akakitia mkobani mwake. "Hiki kinarudi kwa binti yako. Kuanzia leo ukizidiwa unasema kwa mdomo. Twende."

Kabla ya kutoka alisimama, akashika upindo wa pazia la mshauri, akalipindua kutazama mshono. "Nani alikushonea haya, mwanangu?"

"Nilinunua tayari, mama."

"Inaonekana," alisema. "Kikao cha sita nitakuja na futi yangu."

Walishuka kwenye kona ya bucha wakati watu wanatoka makazini. Mama wa Mapazia akavuka barabara mbele, mkoba kifuani, mumewe nyuma yake. Mwenye bucha alikuwa anafuta kigogo chake cha kukatia. Alipomwona, alisimamisha kitambaa hewani kama mtu aliyeona gari la polisi linaegesha mlangoni kwake.

"Mwambie," Mama wa Mapazia alisema, akakunja mikono.

Fundi alivua kofia. Alijikuna kovu. Alianza mara mbili, mara zote mbili akiwa na friji mdomoni kwa mazoea, na mara zote mbili mkewe akakohoa. Ya tatu ikatoka. "Bwana mkubwa, siku mke wangu alipopasuliwa nilimwambia umeniita. Hukuniita. Nilikuwa naogopa."

Mwenye bucha aliwatazama wote wawili kwa zamu. "Hiyo ndiyo sababu?" alisema. "Ya kunisusa?"

"Ndiyo hiyo," alisema Mama wa Mapazia. "Nisamehe, baba. Nilikubebesha dhambi ya mtu."

"Mama, mimi nilijua umeona nakupunja! Nilikosa usingizi. Nikabadilisha mizani kwa ajili yako! Hii hapa, ya saa, ya kisasa, inatazama barabarani ili uione ukipita." Akaipiga kofi mizani, mshale ukaruka. "Mke wangu akaniuliza, mizani ya zamani ina nini? Nikamwambia, mwulize Mama wa Mapazia."

Mama wa Mapazia alijizuia kadiri Mungu alivyomjalia. Lakini kicheko kilipanda, cha pua kwanza, kikamtoka, na alipomgeukia mumewe akakuta naye anatikisika mabega, amefumba macho, kiganja chake kimeegemea ubavu wa friji ya bucha kana kwamba ndiyo inayomsimamisha.

"Mpimie kilo ya supu," alimwambia mwenye bucha, akifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na umpimie sawasawa, maana huyu ukimwachia nafasi anatunga."

Nyumbani Fundi aliuliza, kofia mkononi, kama yale mapazia ya chumba cha nyuma bado yametundikwa.

"Yametundikwa."

"Na godoro?"

Mkewe alikuwa anaosha mifupa. Hakugeuka. "Wewe umelazwa njiani miaka tisa," alisema. "Kaa hapo sebuleni kwanza, usimame wima. Mafuta yakishuka nitakuita."

Fundi Baridi akavuta kiti mpaka kwenye mlango wa jikoni, mahali ambapo mkewe angeuona uso wake, akakaa.

"Naogopa itachukua muda," alisema.

"Umeona?" mkewe akajibu, akitia chumvi. "Limekutoka, na hujafa."